Kwa Dada Saru, kwa Pikipiki Ndogo

Nyinyi wenzangu wa chuo mmeniuliza tangu Jumatatu ni nini kilinipata huko Njukini, na kila mmoja nimemjibu kipande. Mwingine nimemwambia habari za ndovu, mwingine habari za nyanya wa Mwatate, na mpishi wetu anadhani nililazwa hospitali. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, kisha karatasi hii izunguke pale ofisini mpaka mtosheke.

Voi hadi Maungu

Nianze na barabara mnayoifahamu, maana bila hiyo hamtaelewa mengine. Wengi wenu mnaishi hapa hapa Maungu. Mimi nalala Voi, mtaa wa Mwakingali, na kila siku ya kazi nakuja kuwafundisha wasichana ushonaji, kisha narudi. Ni kilomita thelathini hivi za barabara kuu ya Mombasa kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa pikipiki nyekundu ya injini ndogo, ya cc mia moja. Vijana wa bodaboda pale steji wanaiita "ya kujifunzia", na hawakosei. Nilijifunzia hiyo hiyo mwanzoni mwa mwaka, kwenye uwanja wa mpira, nikiwa na miaka thelathini na minne.

Pikipiki ndogo kwenye barabara kuu haina ubishi. Ukiikaza sana inafika sabini, na hapo inatetemeka hadi meno yanagongana. Trela likikupita, kwanza linakuvuta kuelekea magurudumu yake, halafu upepo wake wa nyuma unakusukuma nje ya lami. Nilifunzwa na barabara yenyewe kwamba lori likikaribia nisikaze mikono, nilegeze viwiko, niinamishe kichwa, nishike mstari wangu wa pembeni. Malori yakiwa matatu yamefuatana, nahesabu moja, mbili, tatu, halafu napumua.

Dada yangu Saru hakuipenda pikipiki hii tangu siku nilipomwambia nimeinunua. Saru ni mkubwa wangu kwa miaka kumi. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, kwetu Sagalla, na tangu hapo Saru ndiye aliyenifua, aliyenisuka, aliyekwenda na mtungi bombani saa kumi za usiku kwa sababu kukikucha maji yamekwisha. Nilipoingia kidato cha kwanza akaolewa Njukini, kule karibu na mpaka, na nyumba yetu ikawa kimya. Tukaanza kuishi kwa simu. Kila mwaka tulisema tutaonana Krismasi, halafu Pasaka, halafu mahindi yakivunwa. Mara ya mwisho kumwona kwa macho ilikuwa miaka minne iliyopita, kwenye mazishi ya shangazi, na tulilala usiku mmoja tu chumba kimoja, na wageni wengine saba.

Habari ya pikipiki nilimpa kwa furaha. Akasema, "Iuze."

Nikamwambia siiuzi. Akasema, "Basi usinipigie ukiwa umetoka barabarani, maana nitasikia pumzi yako na sitalala." Tangu siku hiyo simu zetu zikawa fupi. Tuliulizana mvua na mifugo, tukaagana.

Muhula ulipofika katikati na wasichana wakapumzika, niliamua nimwendee na hiyo hiyo pikipiki anayoiogopa. Nilitaka anione nimefika mzima, nivue helmeti mlangoni kwake. Sikumwambia, kwa sababu angenikataza, na mimi nikikatazwa na Saru huwa sifanyi. Na kwa kuwa Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake ya kunipigia, na sijapata kumdanganya, niliizima simu nikaizamisha ndani ya begi. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote.

Voi hadi Mwatate

Nilitoka saa kumi na mbili u nusu. Pale unapoiacha barabara kuu ukashika ya Taveta, mabega yanashuka yenyewe. Malori yanapungua, unaanza kusikia ndege, unaanza kusikia hata mnyororo wako. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti.

Furaha ile ilifika Mraru. Gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, nikashuka, nikakuta msumari. Palikuwa na kibanda cha fundi wa tairi, kimefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba ya jirani aliniambia fundi ni mumewe, na fundi ameenda kutafuta mbuzi wake aliyekata kamba.

"Atarudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Hiyo ni mbuzi itaamua," akasema.

Akaniletea kigoda, chai ya rangi na viazi vitamu vya moto, akaendelea kufagia. Nilikaa pale karibu saa mbili. Nilikuwa na haraka ya kumwona Saru, na papo hapo niliona raha kuketi tu, nikiwaza atasema nini. Niliipanga sura yake ya mshangao namna nyingi. Fundi alirudi na mbuzi, akamfunga kamba kwanza, akanawa, ndipo akaliziba gurudumu.

Mwatate hadi Bura

Mwatate nilisimama kununua maji. Nilipokuwa nimeegesha, bado nimevaa helmeti na lile jaketi langu la kung'aa, nilihisi pikipiki inazama nyuma. Nikageuka. Nyanya mmoja alikuwa ameshapanda, ameketi upande, ana kikapu mapajani na mkono wake umeshika jaketi langu.

"Bura, kijana. Kanisani. Na usikimbize," akasema.

"Nyanya, mimi si bodaboda."

"Wote mnasema hivyo mkiona mzee. Mnataka wasichana tu."

Nikavua helmeti. Akanitazama nywele, akanitazama uso, akafikiria.

"Kumbe ni msichana," akasema. "Basi hata afadhali. Twende."

Nikamweleza kwamba sina helmeti ya abiria. Akajifunga leso kichwani, akaikaza kidevuni, akasema hiyo imemtosha tangu zamani. Pengine ningeweza kumshusha. Lakini alikuwa anakwenda njia yangu, na mkono wake begani ulikuwa mwepesi, na mimi siku hiyo nilikuwa natafuta mkono kama huo. Nikaenda naye mwendo wa thelathini. Njia nzima alikuwa akinisimulia sikioni nani kazaa na nani kahama, watu nisiowajua hata mmoja.

Bura alishuka taratibu, akafungua kikapu, akanitolea kimanga kilichofungwa kwenye jani la mgomba. "Hiki kilikuwa cha mwenyekiti wa akina mama," akasema, "lakini yeye amenenepa." Nilikila pale pale nimesimama. Kilikuwa cha muhogo na maharagwe, kimepondwa vizuri, kina chumvi kidogo. Saru alikuwa akinipikia hivyo hivyo Jumapili, akinilambisha mwiko. Nilimaliza jani zima na bado nikawa na njaa ambayo si ya tumboni.

Maktau

Baada ya Maktau barabara inapita ndani ya mbuga. Udongo mwekundu huku na huku, miti mifupi, hakuna nyumba, simu haishiki. Nilikuwa peke yangu kwa muda, halafu mbele nikaona magari yamesimama. Ndovu walikuwa wanavuka. Hawakuvuka kwa mwendo wa kuvuka. Walisimama katikati ya lami kama walioitwa mkutano, wakubwa kwa watoto.

Dereva wa lori la saruji aliteremsha kioo, akaniashiria nisogee. "Mwalimu, ingia hapa katikati yetu, mimi na mwenzangu. Hako kapikipiki wakikaona watakachezea."

Nilishangaa amejuaje mimi ni mwalimu. Akacheka, akasema kuna maandishi ya chuo mgongoni mwa jaketi. Jina lake ni Mutiso, mtu wa Kibwezi, mnene, sauti ya chini. Alinimiminia chai kutoka chupa yake ya joto, nikainywa nimeegemea gurudumu lake lililonizidi kimo.

"Na nyinyi madereva mnatuonaje sisi wa pikipiki ndogo?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Tunawaona kwa kuchelewa," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Nikikuona kwenye kioo, nashukuru. Ile nafasi ambayo sikuoni, siwezi kushukuru wala kuomba." Kisha akasema, "Jana jioni kuna mama wa pikipiki amegongwa karibu na Maungu. Nilipita nikakuta wanamwinua. Sijui kama alipona."

Nilimwambia ile ndiyo njia yangu, na kwamba jana niliipita saa tisa. Nilimwombea yule mama. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu mahali angeweza kusikia habari hiyo akadhani ni mimi.

Ng'ambo ya ndovu kulikuwa na magari mengine yamesimama, yanayotoka Taveta. Niliyaona yakimeta juani: lori la ndizi, gari la abiria, na mengine nyuma. Baada ya saa nzima ndovu wakaingia porini, magari yakapishana polepole, na mimi nikapita katikati yake nimeinamisha kichwa.

Taveta hadi Njukini

Taveta nilifika saa nane, nikala wali na samaki haraka haraka, nikaongeza petroli, nikashika njia ya Njukini. Mlima Kilimanjaro ulikuwa kushoto, umefunikwa juu kote. Mashamba ya mahindi yalikuwa makavu, tayari kuvunwa, na mifereji ya maji ilipita kando ya migomba. Mtu aliyekulia Sagalla akiona maji yanatiririka bila mtu kuyapangia foleni, lazima apunguze mwendo atazame. Nilielewa kwa nini Saru alikaa.

Nyumba niliijua kwa maelezo ya simu: mlango wa buluu, mti wa parachichi, ng'ombe wawili. Nilizima injini uani, nikavua helmeti kama nilivyopanga, nikaita hodi.

Aliyetoka ni shemeji Eliakimu, mume wa Saru. Alikuwa na ndoo ya maziwa. Aliponiona aliiweka chini, na yeye mwenyewe akaketi chini kando ya ndoo, kwenye vumbi.

"Wakesho," akasema. "Si uko hospitali?"

Nikadhani anatania. "Hospitali gani, shemeji? Dada yuko wapi?"

"Ameenda kukutafuta."

Akanieleza kwa kusitasita. Asubuhi saa mbili jirani alikuja na habari kwamba mwanamke mwenye pikipiki ndogo amegongwa Maungu, amepelekwa Voi, hana fahamu, na hajulikani jina. Saru akapiga simu yangu, ikawa imezimwa. Akapiga tena na tena. Hakubadilisha nguo. Alichukua leso na mkoba, akapanda gari la kwanza. Yeye Eliakimu alibaki kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa anazaa, na simu ya Saru tangu saa sita ilikuwa haipatikani.

Niliitoa simu ndani ya begi, nikaiwasha. Ilipowaka, jina lake lilijaza kioo chote. Nilimpigia. Mara ya kwanza haikuingia. Mara ya pili akapokea.

"Dada," nikasema. "Ni mimi."

Nilisikia watu wakipita karibu naye, na kiti cha magurudumu.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niko kwako. Niko uani kwako, na shemeji."

Halafu akaniambia kwa Kisagalla, polepole, kama anavyomwambia mtoto, "Niko kwenye benchi. Wamesema saa kumi watatufungulia tuingie kutazama." Na baada ya kusema hivyo ndipo alipolia. Nilimsikiliza akilia nikiwa chini ya mti wake wa parachichi, na kati yetu kilomita zaidi ya mia na thelathini ambazo kila mmoja wetu alikuwa ameshazipita siku ile kumfuata mwenzake.

Tulipopigiana tena jioni, ikajulikana kwamba lile gari la abiria ng'ambo ya ndovu lilikuwa lake. Aliketi dirishani. "Niliona pikipiki nyekundu imejificha kati ya malori," akasema. "Nikasema moyoni, na huyu naye ana watu wake wanamngoja."

Njukini, usiku mmoja

Giza lilikuwa linaingia, na sisi wa pikipiki ndogo hatupiti mbugani gizani. Tukakubaliana nilale kwake, yeye alale kwangu, ufunguo apewe na jirani yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka minne ya kutamani, na usiku huo kila mmoja alilala katika nyumba ya mwenzake.

Shemeji alipika ndizi na maharagwe. Watoto wao wako shule ya bweni, kwa hiyo tulikula wawili, tukiisikiliza redio bila kuifuatilia. Nilitazama vyombo vya Saru rafuni, jinsi anavyovifudikiza vikombe juu ya kitambaa, vile vile kama nyumbani. Kanga yake ilikuwa msumarini. Shemeji alipotoka kumtazama ndama, niliinusa kanga hiyo. Siwaoneeni haya.

Kisha akachukua taa akanionyesha chumba kidogo. Kulikuwa na kitanda kimoja kimetandikwa shuka za maua, na mto umepigwapigwa ukavimba.

"Ni cha mtoto gani?" nikauliza.

"Ni chako," akasema shemeji. "Alikinunua mwaka ule wa mazishi ya shangazi yenu. Hakuna anayelala hapo. Kila mwezi anafua shuka, anatandika upya. Mimi nilimwambia, mama, si usubiri mpaka aseme anakuja? Akaniambia, akija bila kusema, je?"

Akaniachia taa akaenda. Mimi nililala katika kitanda hicho, lakini usingizi ulikuja kwa shida. Nilikuwa nikihesabu. Miezi ya miaka minne ni arobaini na minane. Shuka zile zilikuwa zimefuliwa mara arobaini na minane, hazijalaliwa.

Njukini hadi Voi

Jumapili niliondoka baada ya chai. Shemeji alifunga mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, akaufunga na mpira hadi ukawa kama abiria. Barabara ile ile niliyoijia naimba, nilirudi nayo kimya. Upepo wa mbugani ulikuwa usoni, pikipiki ikakataa kuvuka hamsini. Sikusimama Maktau. Bura nilipunguza mwendo, watu walikuwa wanatoka kanisani, lakini sikumwona yule nyanya. Nilikuwa na hamu ya kufika nyumbani kwangu mwenyewe kama mgeni aliyealikwa.

Saru alikuwa ameketi kizingitini pangu, amevaa nguo yangu. Nyuma yake, kila kitu nilichonacho kilikuwa kimefuliwa na kimeanikwa. Alisimama. Amezeeka kidogo, amekonda usoni. Hakunikumbatia. Alinivua helmeti kwa mikono yake, akaiweka chini, akaanza kunishika: mabega, mikono, akainama akashika magoti, akanigeuza akanitazama shingo. Nilisimama tu.

"Leo umechelewa," akasema mwishowe, kama vile ninakuja kila Jumapili.

Ndani alikuwa amepika. Tukala, na giza lilipoingia tukawasha taa tukaendelea kukaa. Nilikuwa nangoja aniambie niiuze pikipiki, na nilikuwa nimeshaamua nitakubali. Hakusema. Alisema jambo lingine.

"Pale hospitali muuguzi aliniuliza ndugu yako ana alama gani mwilini. Nikamwambia ana kovu la moto mguuni, uji ulimmwagikia akiwa na miaka mitano. Akaandika. Akauliza, na nyingine? Nikakosa. Nikaona mimi najua mwili wako mpaka ulipokuwa mtoto wa shule. Huku mbele sijui umeumia wapi."

Basi nilimwonyesha. Kovu la cherehani kidoleni, la upasuaji wa kidole tumbo, la bomba la moshi la pikipiki kwenye shavu la mguu, ambalo nilikuwa namficha kwenye simu. Alilitazama hilo la mwisho kwa muda, akapitisha kidole. Naye akanionyesha mkono uliovunjika alipoanguka mferejini, jambo ambalo hakupata kunieleza. Tulikuwa tunaonyeshana hivyo, watu wazima wawili, mpaka tukacheka.

Nilimuuliza habari za yule mama wa ajali. Aliniambia ana fahamu sasa. Baada ya simu yangu, saa kumi zilipofika, Saru hakuondoka. Aliingia, akaketi kando ya kitanda cha yule mama, kwa sababu yule mama hakuwa na mtu. Alikaa naye mpaka ndugu zake walipofika kutoka Samburu, ile ya njia ya Mombasa. "Nilikuwa nimeshakuja," akasema. "Nilikuwa nimeshajiandaa kuketi kando ya kitanda."

Jumatatu

Yeye alikuwa na ndama mchanga Njukini, mimi nilikuwa na nyinyi. Saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa steji ya magari ya Taveta, yeye na mkoba wake, mimi nasukuma pikipiki. Gari lilikuwa limejaa nusu. Nilitaka nimngoje aondoke kwanza, akakataa.

"Tangulia wewe," akasema. "Utachelewa darasani."

Akanifunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu, akauvuta kuujaribu. Nikaondoka. Barabara kuu ilikuwa na malori mengi kama kila Jumatatu. Nililegeza viwiko, nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilifika hapa chuoni mzima, nikaegesha kwenye kivuli cha karakana, nikampigia. Kwa hesabu yangu alikuwa ameshapita Mwatate.

"Dada, nimefika."

"Umefika Maungu? Umeshuka kwenye pikipiki?"

"Nimeshuka. Wewe umefika wapi?"

Nyuma yake nilisikia makondakta wakiita abiria wa Mwatate na Wundanyi.

"Niko steji," akasema.

"Voi? Na lile gari?"

"Lilijaa likaenda. La pili pia likajaa."

"Sasa mbona hukupanda?"

"Ningepandaje, Wakesho," akasema, "na wewe uko barabarani? Kule mbugani simu haishiki." Kisha nikamsikia akimwita kondakta, akimuuliza kama kuna nafasi.